Kale, Zamani, Kuukuu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha saa nne asubuhi kwa dakika kumi na mbili. Nimeweka ndoo mbili dukani, moja chini ya saa za ukutani na nyingine kando ya cherehani. Paa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Naanza daftari jipya leo. Nilitaka kuandika kwamba lile kuukuu limejaa, lakini halijachakaa hata kidogo, limejaa tu. Baba angenisahihisha.

Ni miezi minane sasa tangu Baba afariki. Duka ni la Mama kwa karatasi, ni la mdogo wangu kwa sauti, na mimi ndiye mwenye kadi. Kila kitu kinachoingia hapa hufungwa kadi kwa uzi wa katani, na juu ya kadi huandikwa neno moja kwa herufi kubwa. Maneno ni matano na maana zake Baba alizibandika ndani ya mlango wa stoo. Kale ni kitu ambacho aliyekitengeneza amekufa, na kila aliyemwona akikitengeneza amekufa. Zamani ni kitu ambacho bado yupo mtu wa kusema "nakikumbuka". Adimu ni kilichobaki kichache, hata kiwe cha juzi. Kuukuu kimetumika kikachoka, ila kazi bado kinaifanya. Kioja ni kile ambacho hatujui ni cha nini, na hatuoni aibu kusema hatujui.

Kuna neno la sita, tunu, ambalo alilikataza. "Hilo ni la mwenye kitu," alikuwa akisema. "Muuzaji halimhusu."

Nimeandika kadi hizi kwa miaka kumi na tisa, tangu nilipomaliza kidato cha nne. Watu wanatoka mbali kuja kununua hapa kwa sababu wakisoma kadi hawaulizi mara mbili.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kinu cha kahawa kimeondoka. Kuukuu. Mnunuzi alinusa ndani yake akasema hata kisiposaga, harufu itamtosha.

Ijumaa, 8 Machi

Leo ameingia bwana mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na katika saa nzima aliyokaa hakubadilisha hata mara moja. Mimi namwita Bwana Miwani. Ananunua vitu vya kupamba ukumbi wa hoteli inayojengwa.

Anataka vitu arobaini, na vyote viwe vya kale. "Si vya zamani, tafadhali," alisema. "Zamani hata nyumbani kwangu ipo. Wageni wangu watasoma kadi, na kadi ziwe hizihizi zenu, na nyuzi zake." Kisha akasimama mbele ya kabati la mbao za msaji lililo dirishani. "Na hili liwe la kwanza. Bila hili sina ukumbi." Atarudi mwisho wa Aprili na lori.

Alipotoka, mdogo wangu alikaa juu ya kaunta kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mtoto.

"Dada, arobaini."

"Vya kale tunavyo sita."

"Vitu tunavyo mia mbili na zaidi. Kadi ndizo sita."

Jumanne, 12 Machi

Tumegombana mezani, Mama akiwapo.

"Niambie tofauti ya kale na zamani," alisema mdogo wangu. "Moja tu. Mteja anaona vumbi, basi."

"Ukiona babu na babu wa babu, huoni tofauti?"

"Ile redio ya mbao ina umri gani?"

"Imekupita kidogo."

"Basi mimi ni wa zamani?"

"Wewe ni kuukuu," nikamwambia. "Umechoka, lakini ukigongwa unaongea."

Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mdogo wangu naye alicheka, kisha akaacha ghafla. "Sawa. Kadi thelathini na nne za kale, kabla Aprili haijaisha. Usipoziandika ataziandika mwingine, na ufunguo wa stoo utaniachia. Sitanii, dada."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua kutwa. Sijaandika kadi hata moja. Sitaandika.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefika nikakuta amejiandikia mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kuku aliyeona mwewe. KALE, MIAKA 150, juu ya redio. Redio! Nimefungua kadi kumi na moja, nikafunga zangu. Sikuzichana zake. Nimezipanga mezani kwake zikitazama juu.

Jumanne, 19 Machi

Kumi na nne.

Jumatano, 20 Machi

Kumi na nne zilezile. Amejifunza kufunga fundo. Nina mkasi.

Jumatano, 27 Machi

Upepo umeng'oa bati moja juu ya stoo. Mdogo wangu alipanda mwenyewe na turubai kwenye mvua, na mimi nikashika ngazi huku nikimtukana kwa hofu. Alishuka amelowa mpaka soksi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unajua shuleni waliniita nani?" alisema. "Bwana Makorokoro. Mpaka leo nikipita kuna mtu anaita hivyo toka ng'ambo ya barabara. Makorokoro, umeshakula? Nikisema 'vitu vya kale', dada, kidogo wananyamaza."

Sikuwa najua. Nilimpa taulo na chai. Kadi sikumpa.

Jumanne, 2 Aprili

Maji yameingia dirishani usiku. Kabati la msaji limevimba, mlango wa kushoto haufunguki.

Niliandike hili kabati vizuri. Ni refu kunishinda, lina milango miwili na droo tatu, na limesimama dirishani tangu duka lifunguliwe, miaka thelathini na moja. Kadi yake hatujawahi kuibadilisha kwa sababu aliiandika Baba kwa mkono wake, na wino umekuwa wa kahawia: KALE. Kabati la msaji. Bei yake Baba aliiweka juu kiasi kwamba watu waliuliza kwa ajili ya kucheka tu. Kadi hii ndiyo niliyojifunzia mwandiko.

Mdogo wangu ameagiza fundi kutoka soko la mbao. Anataka mlango ufunguke kabla ya lori.

Alhamisi, 4 Aprili

Naandika yote, kwa mpangilio, nisije nikayapamba baadaye.

Fundi alifika saa tatu. Ni mzee mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio. Kule sokoni wanamwita Mzee Randa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Hakuugusa mlango. Alisoma kadi, akavua kofia, akaisoma tena, midomo ikicheza.

"Kale. Hapa kwenu maana yake nini?"

Nikamweleza kama ninavyomweleza kila mteja, kwamba aliyelitengeneza amekufa, na waliomwona akilitengeneza nao wamekufa.

"Poleni," alisema. "Alikufa lini?"

"Hatujui, mzee. Siku nyingi."

"Mbona mimi sikuitwa mazikoni?"

Mdogo wangu alicheka kwa adabu. "Mzee wetu una utani."

Mzee Randa alipiga goti, akavuta droo ya chini mpaka ikatoka, akaigeuza. Ubao wa nyuma umeungwa pembeni kwa kipande cha mti mwekundu, upana wa vidole viwili. Miaka kumi na tisa nafuta vumbi la kabati hili na sijawahi kuigeuza droo.

"Nilikata fupi," alisema. "Nilikuwa kijana, nina haraka, na msaji wenyewe umekwisha. Nikaunga kwa mti mwingine, nikasema nani atachungulia nyuma ya droo? Mwaka huu ni wa thelathini na tisa najiuliza kama gundi ilishika." Akapapasa kwa kidole gumba. "Imeshika."

"Utakuwa umelichanganya na jingine, mzee," alisema mdogo wangu, na sauti yake haikuwa na utani tena.

"Mwanangu, mtu husahau jina la mkwewe. Kosa lake halisahau."

Nikamwuliza aliyeliagiza ni nani.

"Kijana mmoja aliyekuwa anaoa. Mfukoni hakuwa na kitu, akanilipa kwa kunipigia randa wiki tatu. Mkono mzito, Mungu amsamehe. Lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, ndiye aliyeniandikia kibao cha karakana yangu." Akaishika kadi ya Baba kwa ncha za vidole. "Mwandiko huuhuu."

Matone yalikuwa yanaingia kwenye ndoo moja baada ya jingine.

Kisha akautengeneza mlango, akipiga mluzi. Alichukua dakika arobaini. Akiondoka alinigeukia: "Sasa niambie, mwanangu, mimi nimekufa au ni mzima? Nijue la kumwambia mke wangu."

"U mzima, mzee."

"Basi andikeni hivyo."

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemuuliza Mama. Alikuwa anakunja nguo kitandani, na hakuacha kuzikunja.

"Tulipofungua duka hatukuwa na kitu ila vyungu na viti vitatu," alisema. "Watu walipita wakasoma kibao, 'Vitu vya Kale', wakachungulia, wakacheka. Siku ya nne baba yako alikuja na mkokoteni, akachukua kabati langu la harusi. Akasema, 'Mwezi mmoja tu, mama watoto, mpaka tupate kitu cha kale kweli. Halafu nalirudisha, na kadi naichana.'"

"Na hakulirudisha."

"Watu waliingia kwa sababu yake. Mwezi wa pili akaona haya kuitoa kadi, maana mji mzima umeshaisoma. Akapandisha bei ili lisinunuliwe. Halafu akawa mkali wa maneno, hadi akaandika zile maana zenu mlangoni. Nilifikiri analipia kosa lake."

"Wewe ukanyamaza."

"Nguo zangu zimekaa kwenye maboksi miaka thelathini na moja," alisema Mama. "Huko ndiko kunyamaza kwangu. Tazama."

Nikatazama. Maboksi manne chini ya kitanda, yamefungwa kwa kamba. Nimeyaona maisha yangu yote nikidhani ndivyo Mama anavyopenda.

Na sasa nakumbuka kitu: niko gizani ndani ya kabati, nimekunja magoti, nasikia harufu ya mti na ya sabuni, na Mama ananitafuta kwa sauti ya kujifanya hajui nilipo. Nilidhani ilikuwa dukani. Kumbe ni nyumbani. Nilikuwa na miaka mitano au sita.

Basi hata mimi nalikumbuka. Kwa sheria ya Baba, hata mimi peke yangu natosha kuiangusha kadi yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Kadi bado ipo. Nimepita mbele yake mara nne.

Jumanne, 9 Aprili

"Haya, hakimu, hukumu basi," amesema mdogo wangu. "Ulikuwa unanikatia nyuzi kwa jina la Baba. Baba huyo hapo. Ama unaandika kadi thelathini na nne kama yeye alivyoandika moja, ama unaitoa ile moja kwa mkono wako mwenyewe. Huwezi kumchinja kuku na kungoja mayai."

Mara ya kwanza tangu Machi amesema jambo la maana, na imeniuma kwa sababu hiyo.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Nimemkasirikia Baba kutwa nzima.

Jumatano, 17 Aprili

Hasira imepungua. Nafikiria kijana anayepiga randa wiki tatu kwa mkono mzito. Kisha nafikiria maboksi, inarudi.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeamua. Baba aliongopa mara moja, na akatumia maisha yake yote kutufundisha tusiongope. Nikiandika hizo thelathini na nne nitakuwa nimerithi kosa na kuyaacha mafunzo. Nitaitoa kadi, na nitaitoa mchana, watu wakiona.

Jumatatu, 29 Aprili

Lori lilifika saa nne na nusu. Saa nne kamili nilikuwa nimekata uzi wa kadi ya Baba na kufunga yangu. Niliandika: ZAMANI. Kabati la msaji la harusi. Aliyelitengeneza ni mzima, yuko soko la mbao. Droo ya chini imeungwa, gundi imeshika.

Mdogo wangu aliisoma, akafumba macho. Bwana Miwani naye aliisoma, kwa miwani ya machoni, kisha, kwa mara ya kwanza, kwa ile ya kichwani.

"Ile ya mwanzo iko wapi?"

"Ilikuwa na kosa, bwana. Baba yetu alikosea."

"Kwangu haikuwa na kosa." Alitabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto. "Dada, mimi sijasikia lolote. Sikusoma. Niandikie ileile, nachukua hili na vingine thelathini na tisa, sasa hivi, lori lile pale. Ni kadi tu."

"Siandiki."

"Neno moja."

"Ndilo hilohilo siandiki. Chukua vitano vilivyo vya kale kweli, nitakufungia kwa mikono yangu. Chukua redio, ni nzuri, inaongea. Lakini anayemfanya mtu aliye hai kuwa maiti si mimi."

Akamgeukia mdogo wangu. "Nani mwenye duka hapa?"

Mdogo wangu alichukua kadi tupu na kalamu. Aliandika K, akaandika A. Nilisimama tu. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba akimaliza nitaikata, na akiandika nyingine nitaikata, na wakinitoa nje nitasimama dirishani nimwambie kila apitaye.

Mama alikuwa mlangoni, mwavuli unachuruzika. Hajawahi kuja dukani siku ya kazi tangu mazishi.

"Weka kalamu chini," alimwambia mdogo wangu. "Mwenye duka ni mimi. Na hilo kabati si la duka, lilikuja kuazimwa. Hilo ni tunu yangu na nimelifuata."

Bwana Miwani aliondoka na lori tupu. Hata vile vitano hakuvichukua. Mdogo wangu alingoja mpaka mlio wa lori ulipotea, akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Ufunguo."

"Mwanangu," alisema Mama.

"Wewe chukua kabati lako, Mama. Duka ulisema niendeshe mimi, au nalo liliazimwa?"

Mama aliligeukia kabati lake. Nikamwekea ufunguo kiganjani, na mkasi juu yake.

"Mkasi wa nini?"

"Siku moja utauhitaji."

Tulirudi nyumbani kwa mkokoteni, kabati limefunikwa turubai, mimi nashika upande mmoja na Mama upande wa pili. Mvua ilitupiga njia nzima. Mama alikuwa anacheka.

Jumanne, 30 Aprili

Maboksi manne yote ni matupu. Droo ya chini Mama amenipa mimi.

Jumatatu, 6 Mei

Nafua. Napika. Naambiwa dukani kila kitu sasa ni cha kale, hata kiti cha plastiki cha mlinzi.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua inapungua. Leo mwalimu mmoja mstaafu amenifuata nyumbani na saa ya ukutani kwapani. Wenzake walimnunulia dukani kwetu kama zawadi ya kumuaga, wakamsomea kadi mbele ya ukumbi mzima: KALE, MIAKA 150. Alipoitundika aliona nyuma pamegongwa mwaka, na ni mwaka aliozaliwa yeye.

"Sijui nicheke au niende kuirudisha," alisema. "Nimeambiwa wewe husemi uongo. Hii ni nini?"

"Zamani, mwalimu. Na ni adimu pia, sauti hii hawatengenezi tena."

"Basi ni nzuri?"

"Ni nzuri sana. Ilikuwa nzuri tangu mwanzo."

Alienda nayo. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshapita dukani kuulizia mwaka huo, na walikuwapo watu waliosikia.

Jumatano, 15 Mei

Watatu leo. Mmoja ana sahani, mmoja bakuli la shaba, mmoja kitu ambacho sikijui. Nimemwambia ni kioja. Alifurahi kuliko wote.

Jumatatu, 20 Mei

Jua. Mdogo wangu amekuja saa tano asubuhi, duka limefungwa katikati ya siku ya kazi. Mkononi ana taa ya chemli, kioo chake kina ufa mdogo. Amekaa kizingitini, hakuingia.

"Wanasoma kadi halafu wananiuliza nani ameandika," alisema. "Nikisema ni mimi, wanaweka chini."

Nilimwacha aendelee; zamu yake ilikuwa haijaisha.

"Mia mbili na kitu, dada. Nimekata nyuzi mpaka mkasi umekuwa butu. Vyote viko uchi. Vingine sijui hata pa kuanzia." Akaisogeza taa. "Hii tuiite nini?"

"Hapa siandiki."

"Dada..."

"Hapa ni nyumbani. Nitaandika dukani, na nitaingia kwa ufunguo wangu mwenyewe, na kadi yangu haiguswi na mtu. Si wewe, si mteja, hata angefufuka Baba."

Aliuvua ufunguo kwenye pete ya funguo zake. Ulikuwa umebana, akatumia meno. "Na wakiniita Makorokoro?"

"Waitikie. Halafu waulize wamekuja kununua nini."

Tumeenda wote. Duka lote lilikuwa bila kadi hata moja, na pale dirishani paliposimama kabati pana alama nne za miguu sakafuni. Nimeiweka taa katikati yake. Nimejaza mafuta, nimekata utambi, nimeiwasha, nimengoja robo saa. Ndipo nikaandika ya kwanza.

KUUKUU. Taa ya chemli. Kioo kina ufa. Inawaka.